SOMO: Mtoto Mchanga Hangoji Siku ya Kliniki

Someni kwanza: 2 Wafalme 4, mstari wa 18 hadi 37.



Mwanamke wa Shunemu alikuwa hana mtoto, kisha Mungu akamjalia mwana. Siku moja ya mavuno mtoto alikwenda shambani kwa baba yake, akalalamika kwamba kichwa kinamwuma. Baba akaagiza apelekwe kwa mama yake, na adhuhuri akafa magotini pa mama. Mama huyo hakukaa chini kulia. Aliomba punda na mtumishi ili amwendee nabii Elisha. Mume wake akataka kujua kwa nini aende siku hiyo, maana haikuwa mwezi mpya wala sabato. Mama akaondoka, akamwagiza mtumishi asipunguze mwendo.

Swali la baba huyo laulizwa hata leo katika nyumba zetu, kwa maneno mengine: "Kwa nini mwende leo, na kliniki ni Jumatano?" Au, "Mama hajatimiza arobaini." Somo letu lina jambo moja tu: mtoto aliye chini ya miezi miwili akionyesha dalili ya hatari, siku ya kumpeleka hospitali ni leo.

Kwa nini tusingoje

Mtoto wa miaka mitatu akiugua hulia, na huonyesha mahali panapouma. Mtoto mchanga hana nguvu hizo. Vijidudu vikiingia katika damu yake, huenda asipate homa kabisa. Mwili waweza hata kupoa. Hunyamaza, hulala mno, huacha kunyonya. Wageni humsifu kuwa ni mtoto mtulivu, kumbe anazidiwa. Ugonjwa huo waweza kufika kwenye mapafu au kwenye utando wa ubongo, na waweza kumwua kwa muda wa saa chache.

Dalili za hatari

1. Ameacha kunyonya, au hanyonyi vizuri kama jana.
2. Ana degedege, hata kama ni mkono mmoja tu unaorukaruka.
3. Apumua mbio. Mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 60 au zaidi, hesabu tena. Zikiwa vile vile, mpeleke. (Kwa mtoto wa miezi miwili hadi asiyetimiza mwaka, hatari huanza pumzi 50, kwa wa mwaka mmoja hadi asiyetimiza mitano, 40.)
4. Kifua chabonyea sana chini ya mbavu avutapo pumzi, au aguna kila atoapo pumzi.
5. Joto lake limefika nyuzi 37.5 au zaidi, au limeshuka chini ya 35.5. Asiye na kipimajoto amguse tumboni na kwenye nyayo.
6. Hajongei ila akiguswa, au hajongei kabisa.
7. Kitovu chatoa usaha, au wekundu wake umeenea kwenye ngozi ya tumbo.
8. Amekuwa wa manjano siku ile ile aliyozaliwa, au umanjano umefika kwenye viganja na nyayo.

Dalili moja yatosha. Msingoje ya pili.

Hospitali watafanya nini

Wengi huogopa hospitali kwa sababu hawaelezwi. Mganga akidhani kuna vijidudu katika damu, huanza mara moja sindano za dawa mbili, mara nyingi ampisilini na jentamaisini, na tiba huendelea siku saba au zaidi. Kwa hiyo dawa ya maji iliyonunuliwa dukani haiwezi kushika mahali pake, na si vema kumtoa mtoto wodini siku ya pili kwa kuwa ameanza kunyonya. Pengine wataomba kuchukua maji ya mgongoni ili wajue kama utando wa ubongo umeshikwa. Wazazi huambiana kwamba sindano hiyo hupoozesha. Sivyo. Huchomwa chini mgongoni, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha kupita.

Kuhusu umanjano, ni kweli kwamba mwanga husaidia. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi aliyewatoa watoto njiti nje kuota jua aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepauka, ila sehemu iliyofunikwa na shuka ilibaki ya manjano. Kutokana na hayo taa za kutibu umanjano zilitengenezwa. Lakini jua la asubuhi uani si taa ya hospitali, wala halipimi damu. Umanjano mkali ukiachwa huharibu ubongo, na mtoto akipona aweza kubaki kiziwi au mlemavu maisha yake yote.

Mkiwa njiani

Mtoto awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kichwa kimefunikwa, uso wazi apate hewa. Aendelee kunyonya kama aweza. Asipewe maji wala dawa ya miti, na kitovu kisipakwe majivu, mafuta wala samadi.

Sala na dawa

Elisha alifunga mlango akamwomba Bwana, kisha akajinyosha juu ya mtoto mpaka mwili ukapata joto. Aliomba, na mikono yake haikukaa bure. Nasi tuombe huku tukitembea. Mzazi aliyempoteza mtoto hatumhukumu. Tumfariji, maana wapo watoto wanaofariki hata wakipelekwa mapema. Lakini tusiharakishe kusema "ni mapenzi ya Mungu" juu ya mtoto aliyengojea siku tatu ndani ya nyumba mpaka baba arudi na ruhusa.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Nyumbani kwako, baba akiwa safarini, nani aweza kusema "Twende"? Je, mama mwenyewe anayo ruhusa hiyo tangu sasa?
2. Nauli ya usiku itatoka wapi? Je, mtaa wetu waweza kuweka akiba ndogo kwa ajili ya mama wanaojifungua?
3. Nani kati ya jirani ana chombo cha usafiri, nasi tumekwisha kuzungumza naye?
4. Bibi na mama wakwe wanaheshimiwa sana wakati wa uzazi. Tutawafundishaje dalili hizi nane, ili wao wawe wa kwanza kusema "Leo"?

Ee Bwana, uliyewapokea watoto wadogo, utupe macho ya kuona mapema na miguu isiyochelewa. Amina.