Tafuta Uwazi Kabla ya Kutafuta Mchezaji wa Akiba

Timu ikifungwa bao la mapema, mashabiki waliosimama pembeni ya uwanja huanza kazi yao: mtoe huyu, mwingize yule. Kocha mchanga akiwasikiliza, dakika ya 30 ameshamtoa winga na kumwingiza mshambuliaji wa pili, halafu timu inafungwa la pili kwa njia ile ile ya la kwanza. Winga hakuwa na kosa. Mashambulizi yalikuwa yanapita mahali pengine kabisa.

Kwa hiyo dakika 15 za mwanzo jizuie kuufuata mpira kwa macho. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Tafuta jambo moja: ni nani kati ya wapinzani anayepokea pasi, akageuka na kunyanyua kichwa bila mtu kumsumbua? Akiwa beki wao wa kati, mwache kwanza, hapo alipo hakudhuru sana. Akiwa namba kumi anayezurura kati ya viungo wako na mabeki wako, hilo halisubiri mapumziko. Kama una msaidizi, mgawie upande wake wa kutazama, kwa sababu watu wawili wa benchi moja wakitazama kitu kimoja, mmoja wao ni mtazamaji tu.

Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya Mei 25, 2005 mjini Istanbul inasimuliwa kila mara kama habari ya moyo na miujiza. Kwa kocha ina faida zaidi ikisomwa kama habari ya uwazi. AC Milan walikwenda mapumziko wakiwa mbele ya Liverpool kwa mabao 3-0: Maldini katika dakika ya kwanza, kisha Crespo mawili. Aliyekuwa akiivuruga Liverpool ni Kaká. Gerrard na Alonso walikuwa wawili tu katikati, na nyuma yao palikuwa na eneo ambalo Kaká alipokea mpira, akageuka na kukimbia kuelekea langoni.

Kocha wa Liverpool, Rafael Benítez, alimwingiza Dietmar Hamann, namba sita asilia, akae katika eneo hilo hilo. Angalia sasa: timu iko nyuma kwa mabao matatu, na kocha anaingiza mkabaji! Uwanja wa mtaani angezomewa. Lakini Hamann alipomkalia Kaká, Gerrard alipata ruhusa ya kupanda. Mabeki wakawa watatu, Riise akasogezwa mbele upande wa kushoto na Šmicer akashika kulia. Dakika ya 54 Riise alipiga krosi, Gerrard akafunga kwa kichwa. Dakika ya 56 Šmicer akafunga kwa shuti la mbali. Dakika ya 60 Alonso alipiga penalti, kipa Dida akaipangua, Alonso mwenyewe akaumalizia. Yote ndani ya dakika sita.

Mambo mawili ya usiku ule husahaulika. Benítez alikuwa amepanga kumtoa beki Traoré, lakini aliambiwa na watu wa tiba kwamba beki mwenzake Finnan ameumia na hawezi kuendelea, basi akatoka Finnan na Traoré akarudishwa. Kwa hiyo waulize wanaowahudumia wachezaji kabla hujatamka majina. La pili, marekebisho hayakuishia pale. Milan walipomwingiza Serginho mwishoni ili akimbize upande wa kushoto, Gerrard yule yule aliyekuwa akishambulia alishushwa kulia kwenda kumzuia. Liverpool walishinda kwa penalti 3-2.

Katika timu za kata na za shule, hatua ya kwanza iwe neno kwa mchezaji mmoja: "Mbili, usipande mpaka winga wako arudi." Halina gharama, na likishindwa hujapoteza kitu. Lisipotosha, badilishana nafasi za watu wawili walio uwanjani. Winga anayeshindwa kumpita beki wa kulia anaweza kumsumbua sana wa kushoto. Mfumo unafuata baada ya hapo, ukiwa tu umeufanyia mazoezi. Kuhama kutoka 4-4-2 kwenda 3-5-2 kwa kupiga kelele tu huwaacha mabeki wa pembeni wakitazamana. Mchezaji wa akiba ndiye hatua ya mwisho, isipokuwa mtu ameumia, amechoka, au ana kadi ya njano na anaendelea kucheza rafu.

Neno lenyewe halifiki kwa kupaza sauti toka benchi. Subiri mpira usimame, mwite aliye karibu na mstari, mpe sentensi moja aipeleke kwa nahodha. Wakati wa mapumziko, waache kwanza wanywe maji na wavute pumzi. Ndipo useme mambo mawili. La tatu watalisahau kabla ya kufika katikati ya uwanja.

Kuongoza nako kuna mtego wake, na Watanzania tunaujua. Januari 21, 2024 mjini San Pédro, kwenye fainali za AFCON, Simon Msuva aliifungia Taifa Stars dakika ya 11 dhidi ya Zambia. Kabla ya mapumziko Zambia walibaki kumi baada ya kadi nyekundu. Ushindi ungekuwa wa kwanza wa Tanzania katika historia ya fainali hizo. Dakika ya 88 ikapigwa kona, Patson Daka akaruka na kufunga kwa kichwa, 1-1. Waliobaki kumi hupata shida mpira unapotembea, kwa kuwa lazima waache mahali wazi. Kwenye kona na faulo pungufu hilo karibu halionekani. Ukiwa mbele dhidi ya kumi, basi, usirudi nyuma kupaki basi. Tanua uwanja, wakimbize kwa pasi, kataza faulo karibu na eneo la hatari, na usimtoe beki wako mrefu dakika za mwisho kwa ajili ya kupoteza muda. Wala usifanye mabadiliko wapinzani wakijiandaa kupiga kona: anayeingia hajui amkabe nani, na aliyekuwa anajua ndiye uliyemtoa.

Hesabu ya wachezaji wa akiba ifanywe tangu mwanzo. Katika mashindano makubwa siku hizi ni watano, lakini nafasi za kusimamisha mchezo kwa ajili yao ni tatu tu, mapumziko hayahesabiwi. Ligi za chini zina kanuni zake. Uliza kwenye kikao kabla ya mechi, usingoje kuambiwa na mwamuzi wa akiba.

Kocha wa Uholanzi, Louis van Gaal, aliiona faida ya kuweka akiba Julai 5, 2014, robo fainali ya Kombe la Dunia kati ya Uholanzi na Costa Rica. Muda wa nyongeza ukiyoyoma alimtoa kipa Cillessen na kumwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti. Krul alipangua mbili, Uholanzi wakapita kwa 4-3. Siku nne baadaye, nusu fainali dhidi ya Argentina ilikwenda penalti tena. Van Gaal alikuwa ameshawatumia wote watatu walioruhusiwa wakati ule. Krul alibaki benchi, Cillessen hakuzuia hata moja, na Argentina wakaenda fainali kwa 4-2.