Kumfunza Kijana Kupima Habari

 

Mtoto akisha kubaleghe, kalamu huanza kumwandikia mema yake na maovu yake, na tangu siku hiyo hana udhuru wa kusema, "Nalisikia watu wakinena." Baba humfunza mwanawe udhu na sala kabla ya wakati huo, na wajibu wake ndio huo. Lakini wengi husahau kumfunza kupima neno kabla ya kulisadiki, na kabla ya kulipeleka kwa mwingine. Na hali jambo hili limeamrishwa katika Sura ya Hujurat, aya ya 6, ambayo yawataka Waumini kuihakiki habari ya mtu fasiki kabla ya kuitumia.

Wanazuoni wa hadithi waliifanya amri hii kuwa elimu yenye kanuni. Waliigawa kila hadithi sehemu mbili: isnadi, yaani majina ya walioipokea mmoja kwa mwingine, na matini, yaani maneno yenyewe. Na maswali yao hata mtoto wa chuoni aweza kuyafahamu. Nani aliyesema? Alipokea kwa nani? Je, wawili hao walikutana? Je, ni mkweli, tena mwenye hifadhi njema? Na maneno yenyewe, je, hayapingani na yaliyo thabiti zaidi?

Mfano wake ni Imam Bukhari, aliyezaliwa Bukhara mwaka 194 wa Hijra (810). Imepokewa kwamba alipokuwa na umri wa miaka 11 alihudhuria darasa la mwalimu aitwaye Dakhili. Mwalimu akasoma isnadi ya kwamba Abu Zubair amepokea kwa Ibrahim. Mtoto akasema kuwa Abu Zubair hakupokea kwa Ibrahim. Mwalimu akamkemea. Mtoto hakubishana wala hakupaza sauti, ila alimwomba arejee kwenye kitabu chake cha asili. Mwalimu akaingia ndani, akatazama, kisha akatoka na kumuuliza isnadi ilivyo. Akajibu kuwa ni Zubair bin Adi, si Abu Zubair. Mwalimu akatwaa kalamu, akasahihisha, na akakiri kuwa mtoto amesema kweli.

Katika kisa hiki mna mafunzo mawili. La kwanza ni la kijana: hakumvunjia mwalimu heshima, wala hakudai kwa kiburi, bali alitaka hoja irudishwe kwenye asili. La pili ni la mkubwa: alikasirika, kisha akaenda kutazama, na alipoiona haki hakuona haya kuipokea kwa mtoto. Lau angalikataa, kosa lingalibaki kitabuni.

Sasa na utazamwe waraka uitwao wasia wa Sheikh Ahmad. Mwenye waraka adai kuwa ni mtumishi wa Msikiti wa Mtume, Madina, na kwamba alimwona Mtume ndotoni, akamwambia kwamba Kiyama kimekaribia. Tena humwahidi thawabu kubwa mwenye kuunakili na kuupeleka miji mingine, na humtisha asiyefanya hivyo. Mwaka 1908 waraka huu ulienea Lindi na miji mingine ya pwani iliyokuwa chini ya Wadachi, nao Wadachi wakauita Waraka wa Makka. Watu waliingiwa na hofu, na serikali ikachelea fitna, kwani vita vya Majimaji vilikuwa vimemalizika karibu. Hata leo waraka huo ungali ukizunguka, ila sasa hupelekwa kwa simu za mkononi, na mara nyingi wapelekao ni vijana.

Kijana aliyefunzwa kupima atauliza: Huyu Sheikh Ahmad ni nani, mwana wa nani, na nani aliyekutana naye? Hapana ajibuye. Kisha atafanya hesabu. Waraka huu ulikwisha onekana Java katika miaka ya 1880. Na Sheikh Muhammad Rashid Rida, mwenye gazeti la Al-Manar la Misri, aliyezaliwa mwaka 1865, alieleza kwamba aliuona tangu alipokuwa mtoto akijifunza kuandika. Basi mtumishi huyo ameota ndoto hiyo hiyo kwa zaidi ya miaka 130! Kisha ataitazama matini, aone kuwa yafunga thawabu na adhabu kwa jambo ambalo Sharia haikulitaja, na ndoto ya mtu haizidishi hukumu katika dini.

Na asidhani mtu kuwa kuupeleka "kwa tahadhari" hakuna madhara. Mwenye kuupeleka amemsingizia Mtume maneno asiyoyasema, na kumzulia Mtume ni katika madhambi makubwa. Hofu si dalili, wala wingi wa wapelekao si isnadi.

Walakini kupima si kukanusha kila jambo. Akataaye yote ni sawa na akubaliye yote, kwa kuwa wote wawili hawakutia kitu mizanini. Kwa hiyo kijana akija na habari nyumbani, baba asimwambie, "Nyamaza." Na amuulize, "Mwanangu, umeipokea kwa nani, na yeye kwa nani?" Na siku mtoto atakapomuuliza baba swali lilo hilo kwa adabu, baba naye na akatazame kitabuni.