Kabla ya penseli, mpe hadithi

Wadogo zangu, wengi wenu mnaniuliza jambo lile lile: mtoto ana miaka minne, wa jirani anaandika jina lake, wa kwako hajui hata "a". Unataka kumtafutia mwalimu wa tuisheni. Hebu tulia kwanza.

Kiswahili tunakisoma kwa silabi, na silabi mtoto huzisikia kabla ya kuziona. Msimulie jioni kisa cha Sungura na Fisi, pigeni makofi pamoja, su-ngu-ra, fi-si, kisha mwambie atafute neno jingine linaloanza na "fi". Hapo umeshaanza kumfundisha kusoma.

Ila usisimulie peke yako kama redio. Ukisema "Paukwa!" naye aitikie "Pakawa!", ajue kwamba ana zamu. Fisi akifika mlangoni, nyamaza. Muulize, "Unadhani atafanya nini?" Akijibu ovyo usimkatize, muulize kwa nini. Kesho yake yeye ndiye asimulie. Wewe andika sentensi zake mbili tatu kwenye daftari, umsomee huku kidole kikifuata mstari. Akishaona kwamba maneno yake mwenyewe yamekaa kwenye karatasi, atakusumbua umsomee tena. Na kama bibi yupo nyumbani, hata kama hakwenda shule, mwachie kiti. Hadithi zake zina misamiati ambayo mtoto hataipata kwenye katuni.

Nanyi walimu wa awali, nawaonea huruma kweli. Hapa Tanzania Sera ya Elimu ya 2014 ilifanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Shule nyingi za umma zimepita mbali hapo. Mwalimu aliyerundikiwa watoto, asiye na kitabu cha hadithi wala mafunzo, atakaririsha "ba be bi bo bu" mpaka kengele ilie, na mimi simlaumu.

Ninachokataa ni semina ya siku mbili, posho, cheti, basi. Majirani zetu Kenya walipoanza mpango wa Tusome nchi nzima mwaka 2015, maofisa wa elimu waliingia madarasani na vishikwambi, wakatazama somo, kisha wakaketi na mwalimu kuzungumzia alichofanya. Kwangu mimi, hayo ndiyo mafunzo. Msipotumiwa ofisa, ombaneni ninyi kwa ninyi: leo niketi darasani kwako, kesho uje kwangu unione nikisimulia.

Wazazi, kikao kijacho cha shule, kabla ya ajenda ya michango, nyosheni mkono mwulize: mwalimu wetu wa awali alipata mafunzo lini mara ya mwisho, na darasa lake lina vitabu vingapi vya hadithi? Msikae chini mpaka mjibiwe.