Pikipiki ya kwanza: anza na ndogo

Kwa anayeanza, injini ya cc 100 au 125 inatosha. Bajaj Boxer na TVS HLX zimejaa mitaani, kwa hiyo spea hazisumbui na mafundi wamezizoea. Ile kubwa ya kuvutia macho iache kwanza.

Ikalie kabla ya kuuliza bei. Nyayo zote mbili zikanyage chini, si ncha za vidole tu. Ukishindwa kuisukuma kurudi nyuma ukiwa umekaa, foleni itakuumbua.

Ya mtumba? Fika asubuhi, usogeze kiganja karibu na injini bila kuigusa. Ukisikia joto, muuzaji ameshaipasha ili iwake kwa kiki moja mbele yako. Moshi wa bluu ni oili inayoungua: ondoka, hata bei ikiwa tamu. Namba za injini na chesisi zifanane na zilizo kwenye kadi ya usajili, na jina la kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia. “Kadi ipo kwa shemeji” si jibu.

Hela ya kofia ngumu itenge kabla ya zote, na inunue mpya. Iliyowahi kuanguka inaweza kuficha ufa ndani.