Shimo la Al-Farghani Mwezini

Mwezi huu tunaoutazamia kila mwisho wa Shaabani una mashimo mengi usoni mwake, na wenye ilimu ya falaki wameyapa majina yapate kutambulikana. Moja katika hayo ni dogo, upana wake yapata kilomita 21 tu, kusini-magharibi ya ule uwanda uitwao Bahari ya Utulivu, waliposhuka wanadamu mara ya kwanza mwaka 1969. Jina lake Alfraganus.

Asikiaye atadhani ni Mrumi. La! Huyo ni Ahmad bin Muhammad bin Kathir Al-Farghani, mwanafalaki wa zama za makhalifa wa Bani Abbas, karne ya 9. Ndimi za Kilatini zililigeuza jina lake, na padre Mtaliani, Riccioli, akalitia katika ramani ya mwezi mwaka 1651.

Mwanachuoni huyu alitunga kitabu cha misingi ya falaki kwa maneno mepesi, pasi na hesabu nzito. Kikafasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, kikasomwa Ulaya mamia ya miaka.

Katika aliyoyaeleza ni kwamba tukiugawa mzingo wa dunia mafungu 360, kila fungu ni maili 56 na thuluthi mbili. Christopher Columbus aliishika hesabu hiyo kabla ya safari yake ya mwaka 1492. Lakini maili ya Al-Farghani ni maili ya Waarabu, nayo ni ndefu. Columbus akaihesabu kwa maili ya Kitaliani, iliyo fupi. Dunia ikapungua machoni pake kadiri ya robo, akaiona Asia iko karibu. Lau nchi ya Marekani isingalikuwako njiani, chakula na maji yangaliwaishia baharini.

Hesabu ya Al-Farghani ilikuwa karibu sana na kweli. Aliyekosa ni aliyeichukua asiulize kipimo chake. Fundi akiambiwa akate mbao ya mikono mitatu, huuliza kwanza: mkono wa nani? Basi vipi sisi tupokee maneno ya wanavyuoni bila ya kuuliza walikusudia nini?

Enyi vijana, haitoshi kujifakhari kwamba majina ya waliotutangulia yako mwezini. Wao walipima, wakahesabu, wakaandika. Atakaye kuwarithi na ashike kalamu, ajifunze kupima kama wao.