Rezista ya Breki Katika Winchi ya Duara: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kuiunganisha

Katika machimbo madogo ya dhahabu, kama yale ya Rwamgasa mkoani Geita, mota ya fezi tatu huzungusha karasha au huvuta winchi ya duara. Mmiliki anayetaka kudhibiti mwendo wake hununua inveta. Kifaa hicho hupokea umeme wa volti 400, huugeuza kuwa wa mkondo mnyoofu wa volti zipatazo 565, kisha huipelekea mota kwa kasi inayotakiwa.

Mzigo unapopanda, mota hutumia umeme. Unaposhuka, mzigo ndio unaoizungusha mota, nayo hugeuka jenereta na kurudisha umeme ndani ya inveta. Umeme huo hauna pa kwenda. Volti hupanda, na zikikaribia 800 inveta nyingi hujizima. Rezista ya breki huwekwa ili kuugeuza umeme huo kuwa joto.

Tuchukue mfano. Magogo ya kilo 200 yanayoshushwa kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde hutoa takriban wati 980, ingawa sehemu yake hupotea katika giaboksi. Duara la mita 60 litachukua dakika 2 kamili. Rezista ya wati 200 iliyotosha kusimamisha karasha kwa sekunde chache haitastahimili muda huo. Basi mtumiaji amweleze muuzaji kina cha duara, uzito na mwendo, si nguvu ya mota peke yake.

Kuhusu omu, wako wanaodhani kuwa rezista yenye omu chache ni bora kwa sababu hufunga breki kwa nguvu. Hilo ni kosa la gharama kubwa. Kwa volti 750, rezista ya omu 100 hupitisha ampea 7.5, ya omu 25 hupitisha ampea 30, na transista ya breki iliyomo ndani ya inveta huungua. Kitabu cha inveta hutaja omu za chini kabisa zinazoruhusiwa. Zisipunguzwe.

Kabla ya kugusa waya wowote, swichi kuu izimwe na kufungwa kwa kufuli. Kisha isubiriwe kwa muda ulioandikwa kwenye inveta, mara nyingi dakika 5 hadi 15, kwa kuwa kapasita hubaki na umeme unaoua. Kuzimika kwa taa si ushahidi. Fundi apime kwa mita. Rezista huunganishwa kwenye vituo vyake tu, ambavyo katika inveta nyingi huandikwa P+ na PB. Ikiunganishwa kati ya chanya na hasi itawaka muda wote, na ikiunganishwa kwenye U, V au W itaharibu inveta.

Rezista ikifanya kazi huweza kufikia mamia ya nyuzi za joto. Iwekwe ndani ya kasha la chuma lenye matundu, lililounganishwa na waya wa ardhi, mbali na mbao, turubai na madumu ya dizeli. Aidha, transista ikiungua huweza kubaki ikipitisha umeme bila kukoma, na inveta yenyewe haitakuwa na uwezo wa kuuzuia. Kwa sababu hiyo swichi ya joto ya rezista haina budi kukata kontakta inayoleta umeme kwenye inveta.

Ieleweke pia kuwa rezista hii hupunguza mwendo tu, haishikilii mzigo. Umeme ukikatika wakati mtu yuko kwenye kamba, kinachomzuia asianguke ni breki ya chuma inayojifunga yenyewe. Winchi isiyo na breki hiyo isitumike, hata kama inveta yake ni mpya.

Kazi hii apewe fundi mwenye leseni ya EWURA ya daraja linaloiruhusu, naye aonyeshe leseni hiyo kabla ya kuanza. Siku ya kukabidhi, mwombe achomoe waya wa swichi ya joto mbele yako. Kontakta isipoachia papo hapo, usiipokee kazi wala usimalize malipo.