Mtoki Unatoka Wapi?

*Daktari wetu anajibu maswali ya wasomaji kuhusu tezi na mishipa ya limfu.*

Nilichomwa na mwiba kidoleni mwa mguu, siku ya tatu nikaota uvimbe kwenye kinena. Bibi anasema ni mtoki. Mwiba na kinena wapi na wapi?

Bibi hajakosea. Damu ikipita kwenye vimishipa vyembamba, maji yake huvuja na kuosha nyama za mwili. Mengi hurudi kwenye damu. Yanayobaki, lita 3 au zaidi kwa siku, huokotwa na mishipa mingine kabisa, ya limfu, na kurudishwa kwenye mshipa mkubwa wa damu karibu na mtulinga. Njiani hupita kwenye tezi, kama 600 kwa mtu mzima, nyingi zikiwa shingoni, kwapani, kinenani na tumboni.

Maji ya kidole chako kituo chake ni kinena. Yaliwabeba bakteria wa mwiba hadi pale, na ndani ya tezi kuna seli nyeupe zisizohesabika, kila moja ikitambua umbo moja tu la adui. Nyingi hufa bila kukutana naye. Ile iliyokutana naye huanza kuzaana, siku chache zikawa maelfu kwa maelfu. Msongamano huo ndio uvimbe unaoupapasa.

Nikande kwa maji moto?

Usiuminye wala kuuchua. Shughulikia kidole: toa mwiba, safisha kidonda. Ukiona mstari mwekundu unapanda mguuni, au homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Limfu ina rangi gani?

Ni maji yenye umanjano hafifu. Ila ukila wali wa nazi, limfu ya utumbo huwa nyeupe kama lile tui ulilokula, maana mafuta mengi ya chakula hayaingii moja kwa moja kwenye damu. Hupitia kwanza mishipa hii.

Nikitoka Dar es Salaam kwenda Mwanza kwa basi, nashuka viatu vinabana.

Limfu haisukumwi na moyo. Mishipa yake hujikaza yenyewe, ina vali za kuzuia maji yasirudi chini, lakini inategemea sana misuli iikamue. Ukikaa kitini mchana kutwa, misuli ya miguu imelala. Chezesha vifundo, basi likisimama shuka utembee. Ila ukivimba mguu mmoja tu na shavu la mguu linauma, huenda damu imeganda; hiyo si ya kusubiri.

Tezi gani ya kuogopa?

Ngumu, isiyouma, inayoendelea kukua au isiyopungua baada ya wiki 3 au 4. Yoyote ya juu ya mtulinga. Na ile inayokuja na kukonda, homa au jasho la usiku. Kifua kikuu hukaa sana kwenye tezi za shingo, hata kwa mtu asiyekohoa.

Mbona matende ni ya kwetu pwani?

Kwa sababu ya mbu na joto. Mbu huleta vijinyoo ambavyo hukomalia ndani ya mishipa ya limfu na kuishi humo miaka. Mishipa hutanuka, vali zinaharibika, maji hutuama. Watoto wao hujitokeza kwenye damu usiku, saa za mbu. Ndiyo maana wapimaji wa zamani walikuwa wakigonga milango watu wamelala. Mbu wa mijini hupenda maji ya vyoo vya shimo. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 vyoo vilimwagiwa vipunje vya plastiki vinavyoelea, viluwiluwi vikakosa pa kupumulia, na watu wakapewa dawa.

Mguu ukishavimba, kinachouzidisha ni bakteria wanaoingia kwenye nyufa za ngozi. Kila homa ikipita, unanenepa tena. Kwa hiyo dawa ya kila siku ni sabuni ya kawaida na maji safi, jioni, mguu mzima. Kisha chukua kitambaa laini, ukaushe katikati ya vidole, kimoja kimoja, na hasa kile cha mwisho ambacho wengi hukiruka.